Goma: Mji Uliojengwa Juu ya Moto

Mji wa Goma, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, ukipakana na Rwanda. Baadhi ya askari wetu wanaufahamu vema, maana kuanzia mwaka 2013 Tanzania ilipeleka vikosi huko chini ya Umoja wa Mataifa. Hao hawausahau mlima Nyiragongo, wenye kimo cha meta 3,470, ambao mawingu ya kilele chake mara nyingi huonekana mekundu usiku.

Mlima huo una historia nzito. Mwaka 1977, nchi ikiitwa Zaire, lava iliyojaa kileleni ilipasua mbavu za mlima ikamwagika yote katika muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari, 2002, ilikatiza katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Usiku wa tarehe 22 Mei, 2021, mlima ulilipuka tena. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege, lakini ardhi iliendelea kutetemeka kwa siku kadhaa, nyumba zikapata nyufa, na tarehe 27 wakazi wa mitaa mingi wakaamriwa kuhama. Wengi walikimbilia Sake, wengine Rwanda.

Mwaka uliofuata nilikaribishwa mjini humo katika darasa la watu wazima la mazungumzo ya Kiingereza. Mada ilikuwa matetemeko na maafa ya asili. Wanafunzi ambao, kwa maneno ya mwalimu wao, huona haya kusema, siku hiyo waligombea zamu.

Mama mmoja alisimulia, kwa kusitasita, jinsi jirani yake alivyoshuka bondeni alfajiri kumwinua mbuzi aliyeanguka, naye asiinuke tena. Alipofika kwenye neno “mazuku” alikwama, akamwuliza mwalimu Kiingereza chake. Mwalimu akajibu kwamba liandikwe hivyo hivyo, kwani hata wataalamu wa volkano hulitumia katika vitabu vyao vya Kiingereza.

Mazuku ni hewa ya ukaa itokayo ardhini. Haionekani wala hainuki. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mtu mzima aliyesimama aweza kupita salama, na mtoto anayemfuata akaanguka. Anayeinama kumwokoa huanguka naye.

Basi, ndugu askari, ukipangiwa kazi katika nchi ya volkano, usipige kambi bondeni, wala usishuke mahali unapoona ndege na wanyama wamekufa bila jeraha. Waulize wenyeji kwanza. Wamekwisha kuipa hatari hiyo jina, na wanajua inakolala.