Makopo ya Mboga ya Dzaleka

Atokaye Lilongwe kwenda Dzaleka hushika barabara kuu iendayo kaskazini, akapita Lumbadzi uliko uwanja wa ndege, kisha akaingia wilaya ya Dowa. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 45 tu. Lilongwe, iliyofanywa makao makuu ya Malawi mwaka 1975 badala ya Zomba, ni mji wenye nafasi: mitaa yake mingi huitwa kwa namba, na baina ya mtaa na mtaa kuna miti na majani tele. Kando ya barabara vijana huuza maua katika vyungu na mifuko myeusi ya plastiki. Nilimwomba mmoja wao anipe siri ya chungu chema. Alijibu upesi kama mtoto asomaye majedwali: kokoto chini, udongo juu.

Hayo ndiyo niliyofundishwa chuoni, na ndiyo niliyowafundisha watoto wa shule kabla sijahamishiwa ofisini. Wala sikupata kujiuliza kwa nini maua yangu mwenyewe nyumbani yalikuwa yakifa kila masika.

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ikageuzwa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa kupokea watu wapatao 10,000 hivi. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mtanzania hashindwi na lugha hapo, kwani sokoni Kiswahili ndicho kiunganishacho watu, ingawa ni Kiswahili cha Kivu, na mchicha huitwa lengalenga. Shida ni ardhi. Nyumba zimesongamana ukuta kwa ukuta, na hali ilizidi baada ya Machi 2023, Serikali ya Malawi ilipowaagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini.

Mama mmoja mwenyeji wa Uvira ni miongoni mwa waliorejea hivyo. Huko Lilongwe alikuwa na duka dogo. Sasa nyuma ya nyumba yake ana ukanda wa ardhi usiotosha hata kulaza mkeka, na juu yake amepanga makopo saba ya mafuta ya kula, yote yamepandwa lengalenga. Pale mgao wa chakula unapopungua, makopo hayo ndiyo kitoweo cha watoto. Nilipofika mwezi wa Aprili, manne yalikuwa mazima, matatu majani yake yamekuwa ya manjano na kulala.

"Papa," aliniuliza, "haya majani yana kiu gani isiyoisha? Ninayapatia maji kila jioni, bado yanalala."

Tulipindua kopo moja. Juu udongo ulikuwa umekauka na kupasuka. Chini ulikuwa tope lenye harufu ya yai viza, na mizizi imekuwa ya kahawia, yenye utelezi. Chini ya tope zilikuwapo kokoto, kimo cha shubiri nzima, zimepangwa kwa uangalifu kama nilivyowafundisha wale watoto.

Mmea uliozama hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, maana mizizi isiyopata hewa haiwezi kunywa. Mwenye bustani huona majani yamelala, akaongeza maji, naye ndiye anayeua. Na kokoto hazimsaidii. Udongo laini huyashika maji kama utambi unavyoshika mafuta ya taa. Maji yakifika penye kokoto hayadondoki ndani yake mpaka udongo wa juu umeshiba kabisa. Sehemu ya chini ya udongo hubaki imelowa, kokoto ziwepo zisiwepo. Kwa hiyo kuziweka ni kuipandisha tope karibu zaidi na mizizi, na kupunguza udongo katika kopo ambalo tangu hapo ni dogo.

Mama hakusadiki, nami sikumlaumu. Nikaomba kipande cha godoro kuukuu, tukakichovya katika beseni na kukishika kimelala mpaka kikaacha kudondoka. Kisha nikakisimamisha wima. Maji yakamwagika tena! Kipande ni kilekile. Kilichobadilika ni kimo chake tu. Ndiyo maana kopo refu hukauka vema kuliko sahani pana.

Basi tukatoa kokoto. Tulitoboa matundu sita kwenye kitako, kila moja unene wa penseli, badala ya lile moja la msumari, tukalikalisha kopo juu ya vipande viwili vya tofali ili maji yapate pa kutokea. Udongo mwekundu wa huko ni mzito, hivyo tuliuchanganya na samadi ya zamani na maganda ya karanga yaliyokwisha kuoza, ambayo Malawi hayaadimiki. Mchanga laini tuliuacha. Mchanga kidogo katika udongo wa mfinyanzi hufanya tofali.

"Mbona gunia la jirani lina mawe, na sukuma yake inakubali?" akauliza. Swali zuri. Katika gunia mawe husimamishwa katikati kama nguzo, toka juu hadi chini, na maji yamwagwayo juu yake huenea kwenye udongo wa pande zote. Nguzo ni njia ya kuingizia maji, wala haikulazwa chini ya udongo kama tabaka.

Nilimshauri kuwa makopo yale mengine angeyamwaga katika gunia moja kubwa, lingemsumbua kidogo zaidi. Akatikisa kichwa. Kopo, alisema, hubebeka wakiambiwa wahame tena.

Niliporudi siku 10 baadaye, mbegu mpya zilikuwa zimeota katika makopo yote matatu. Kokoto alikuwa amezitandaza mlangoni, watoto wasiingie ndani na tope.