Maporomoko ya Mlima Elgon

Katika vitabu vingi vya sarufi kitenzi "poromoka" hupewa mstari mmoja. Huwekwa baina ya "bomoka" na "pukutika", pakatolewa mfano wa ukuta wa udongo, na msomaji akahimizwa kuendelea mbele. Kwa mwanafunzi wa Tanga au Mombasa pengine hayo yatosha. Lakini sisi tunaofundisha Kiswahili mashariki mwa Uganda, chini ya Mlima Elgon, tunaona kuwa neno hilo lastahili somo zima, tena somo lenyewe halifundishiki vyema darasani. Ndiyo sababu mwezi wa Januari, shule zikiwa zimefungwa, walimu saba kutoka Mbale, Sironko na Kapchorwa tulifunga virago tukaenda Kapkwai.

Kituo cha Kapkwai kiko juu kidogo ya Sipi, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, ambayo kwa upande wa Uganda ina eneo la kilomita za mraba 1,121. Ilipewa hadhi hiyo mwaka 1993. Kabla ya hapo ilikuwa msitu wa akiba wa serikali. Mgeni hatembei peke yake humo. Tulipewa askari wa hifadhi, na pamoja naye akafuatana nasi mzee mmoja Msabiny ambaye Kiswahili chake, kama cha wenzake wengi wa upande ule ulio karibu na mpaka wa Kenya, kilikuwa chepesi na chenye kueleweka.

Elgon ni volkano iliyozimika zamani mno. Kilele chake kirefu, Wagagai, kina mita 4,321, na wenye siku za kutosha na mapafu mazuri hupanda hadi huko, kisha wakashuka ndani ya kasoko hadi mahali paitwapo Maji ya Moto, ambapo chemchemi hububujika karibu na mlango wa korongo la Mto Suam. Twapenda sana kusikia jina hilo la Kiswahili likiwa limekaa huko juu penye baridi kali, pasipo shule wala mwalimu. Sisi hatukwenda mbali hivyo. Wengi wetu tumekwisha vuka miaka arobaini, na magoti yetu hayapendi kubishana na milima.

Njia yetu iliingia msituni kwa utulivu. Kuna mipodo mikubwa, na miti ya jamii ya mzeituni ambayo mbao zake wafanyabiashara huziita tiki ya Elgon. Juu ya matawi mbega walirukaruka na mikia yao meupe, wakitutazama kama watu watazamavyo wageni waliochelewa kwenye karamu. Halafu ardhi ikakatika ghafla. Mbele yetu palikuwa na korongo, na chini yake Mto Chebonet ulikuwa ukinguruma bila kuonekana.

Neno hili "korongo" lina kisa chake. Ulitaje mbele ya watoto wa Uganda, na wote watakuchorea ndege mwenye taji aliye katika bendera ya taifa. Ni kweli, ndege ni korongo; lakini na bonde jembamba lililochimbwa na maji, lenye kingo zilizosimama wima, nalo ni korongo. Ukingo wake ule wa kutisha ni genge. Ukingo wa udongo uliokatwa na mto, ambao huweza kuupanda kwa kushika mizizi, ni gema. Jiwe kubwa lililosimama peke yake ni jabali, na mwamba ni lile tabaka la jiwe lenyewe, liwe baharini au mlimani. Watoto wetu wanajua kusi na kaskazi, tanga na demani, kwa sababu mitihani huyauliza hayo. Ila kitu wanachokikanyaga kila asubuhi wakienda shuleni hawana jina lake. Tuliyataja maneno hayo mmoja mmoja tukiteremka, kila neno mahali pake, na mzee yule akawa anayarudia kwa sauti ndogo.

Chini kabisa tuliyakuta maporomoko ya Chebonet. Si marefu kama yale makubwa ya Sipi, ambayo huanguka karibu mita 100, lakini kwa kuwa mtu huweza kusimama karibu yanafundisha zaidi. Juu pana mwamba mgumu, uliotokana na zaha ya volkano. Chini yake pana tabaka laini la majivu na mawe madogo yaliyogandamana. Maji hula lile laini kwanza, na lile gumu likabaki limechomoza kama upenu wa nyumba, hata siku moja likose pa kuegemea, livunjike. Ndivyo maporomoko yanavyorudi nyuma kidogo kidogo, na ndivyo yalivyochimbika mapango mengi ya mlima huu. Katika mapango hayo watu wa zamani waliishi pamoja na mifugo yao, na ng'ombe wakapata kulamba chumvi iliyomo katika mawe. Leo hayana moshi. Wabenet, ambao walikaa katika misitu na nyika za juu, waliondolewa kwa vipindi mbalimbali, na hata baada ya Mahakama Kuu kutambua mnamo Oktoba 27, 2005 kwamba wao ni wenyeji wa asili wa sehemu hizo, mambo hayakuisha. Mzee wetu hakupenda kulizungumza sana jambo hilo mbele ya askari, nasi hatukumlazimisha.

Aliuliza jambo jingine. "Mwalimu, haya maji yanayoanguka, Kiswahili safi kinayaitaje?"

"Maporomoko, mzee wetu."

"Na yale ya Bududa?"

"Hayo pia ni maporomoko."

Akanyamaza. Kila mtu wa upande huu anajua yale ya Bududa ni yapi. Machi 1, 2010, baada ya mvua nyingi, upande mzima wa mlima uliteleza ukafunika Nametsi, pamoja na soko na zahanati yake. Watu zaidi ya 300 walihesabiwa kuwa wamekufa au wamepotea. Oktoba 2018 mto ulishuka Bukalasi ukiwa umebeba mawe na matope. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, ambayo sisi tuliotoka Mbale tuliipita njiani asubuhi ile ile.

Mwenzetu mmoja aliona kuwa ni aibu neno moja libebe furaha ya watalii na msiba wa wenyeji. Akapendekeza maporomoko yawe ya maji tu, na ya udongo yaitwe mmomonyoko. Tulibishana hadi kwenye msitu wa mianzi, tukabishana tukila malewa tuliyofungiwa na jamaa zetu wa Kigisu, na hatimaye wengi tukamkatalia, wala si kwa ajili ya usafi wa lugha. Mmomonyoko ni kazi ya polepole: mvua huchukua udongo wa juu, mwaka hata mwaka, na mkulima huuzuia kwa matuta na nyasi. Maporomoko ya ardhi ni tabaka zima kuachana na lililo chini yake, mara moja, aghalabu pale maji yanapokusanyika kwenye mbonyeo wa mlima, au pale mtu alipochimba chini ya mteremko ili apate uwanja wa nyumba, akauondolea mlima nguzo yake. Anayeambiwa "mmomonyoko" atapanda nyasi, arudi alale. Anayeambiwa "maporomoko" atatoka na watoto wake. Kitenzi "poromoka" hakikukosea kuunganisha maji na udongo, maana vyote viwili huanguka kwa sababu iliyo moja: kilicho chini kimelegea.

Muhula ulipoanza mwezi wa Februari tuliwapa wanafunzi wa kidato cha pili kazi ya kuandika majina ya kila kitu kilicho kwenye mteremko wa nyuma ya nyumba zao. Tuliwaongezea maneno manne: ufa, chemchemi mpya, mti ulioinama, mlango unaokwama. Hizo ni dalili ambazo wataalamu huwataka watu wa milimani kuziangalia. Madaftari mengi yalirudi na jabali na gema, mengine na michoro mizuri ya korongo, ndege na bonde pamoja. Binti mmoja aliandika kwamba juu ya shamba lao la migomba pana ufa unaopita kuanzia kwenye mti mmoja hadi mwingine, na kwamba mkono wake huingia humo hadi kiwiko.

Tulikwenda naye siku ile ile. Baba yake alisema aliuona tangu Desemba, akadhani ni ukame. Mwenyekiti wa kijiji ameitwa, ufa umepimwa kwa kamba na vigingi viwili, na usiku mama na watoto wanalala kwa shangazi yao ng'ambo ya mto. Baba amebaki na ng'ombe. Tunapoandika haya mvua za Machi bado hazijaanza.