Aleluya Yangu, Haleluya Yake

Mimi ni Mfipa wa Sumbawanga, Mkatoliki wa kuzaliwa. Mchumba wangu alikuwa Mchaga wa Machame, Mlutheri tangu enzi za babu yake. Mimi naimba Aleluya, yeye anaimba Haleluya. Cheka tu, mpenzi msomaji, lakini herufi hiyo moja nusura ituvunjie uchumba.

Kwetu Mapadri Weupe walishika Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, wakapanda hadi Ufipa. Kwao Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Sisi wawili tulikutana Dar es Salaam, kazini, tukadhani mambo hayo ni ya wazee. Kumbe wazee wenyewe bado wapo! Baba alikuwa na neno moja: kijana abadili dhehebu, ndipo tuzungumze mahari. Machame hawakudai kitu. Waliuliza tu harusi itafungwa kanisa gani, halafu wakanyamaza. Ule ukimya, we acha tu.

Aliyenipa moyo ni Mjerumani mmoja aliyefariki mwaka 1759, George Frideric Handel. Kama umewahi kuingia kanisani siku ya Pasaka ukakuta kwaya inaporomosha ile tunayoiita Aleluya Kuu, basi umeshamsikia. Nilikuwa nahariri makala ya muziki, nikaanza kusoma habari zake, usiku ukaniishia hapo.

Alizaliwa mwaka 1685 huko Halle, jirani kabisa na Leipzig, katika familia ya Kilutheri. Baba yake, kinyozi na mpasuaji (zamani kazi hizo zilikwenda pamoja), alitaka asomee sheria. Akiwa na miaka 17 alipiga kinanda kwenye kanisa la Wakalvini. Mwaka 1707 yuko Roma, anawatungia Wakatoliki zaburi ya Kilatini, Dixit Dominus, huku makadinali wakimfadhili. John Mainwaring, aliyeandika maisha yake mwaka 1760, anasema walijaribu kumvuta ahamie kwao. Akawajibu kwamba atakufa katika imani aliyozaliwa na kulelewa nayo. Hawakumfukuza. Walimwona mtu mwaminifu aliyepotoka kidogo, kazi ikaendelea.

Nilimsomea mchumba wangu kipande hicho kwenye simu. Akacheka, akasema, "Huyo ni mimi mbele ya baba yako."

Handel alihamia London, akachukua uraia mwaka 1727. Alipigwa na kiharusi mwaka 1737, opera zake zikadorora, halafu mwaka 1741 akakaa chini akaandika Masiya kwa siku 24. Aleluya Kuu imo humo. Ilipoimbwa mara ya kwanza Dublin, tarehe 13 Aprili 1742, wanawake waliombwa wasivae magauni yaliyotanuliwa kwa fremu na wanaume waache panga nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Fedha zilizopatikana ziliwatoa wafungwa 142 wa madeni. Handel mwenyewe hakuoa mpaka anaingia kaburini, kwa hiyo ushauri wa ndoa simwombi!

Sasa njoo Sumbawanga, karibu mita 1,800 juu ya bahari, Pasaka iliyofuata. Mchumba wangu alikuja kusalimia, akiwa na koti jepesi la Dar, maskini. Kwaya ya parokia ilikuwa na upungufu wa tena, na mwalimu wa kwaya hana dini akikosa tena. Alimwuliza kama anaijua Aleluya Kuu. "Haleluya naijua," akajibu, na watu wakaangua kicheko. Baba yangu ni besi, miaka yote.

Kuna mahali katika wimbo ule ambapo sauti haziimbi pamoja. Besi inaanza peke yake kutangaza kwamba Mungu atatawala milele. Tena inaingia na maneno yale yale, juu zaidi, wakati besi inaendelea na njia yake. Halafu alto, halafu soprano. Ukiwahi, umeharibu, ukichelewa, umeachwa. Nilikaa kwenye alto nikimsikiliza baba akianza, na huyu kijana wa Machame akimfuata kwa nyuma bila kumkanyaga. Walirudia mara tano siku ile.

Usiku, jiko la mkaa likiwa katikati yetu, baba alisema tu, "Huyu anajua kusubiri zamu yake." Juma lile lile akakubali tumwone padri. Padri akatueleza ndoa mseto: ruhusa ya askofu, na ahadi yangu kwamba nitafanya ninavyoweza watoto wabatizwe Wakatoliki. Mchumba alipaswa kuijua ahadi hiyo, si kubadili dhehebu. Baba aliuliza swali hilo mara mbili, akajibiwa vile vile mara mbili.

Tulifunga ndoa Sumbawanga mwezi wa saba. Machame walikuja basi zima, wamevaa masweta, na kwenye Aleluya Kuu walitia H yao kwa sauti kubwa kabisa.

Sasa nina mimba ya miezi saba. Juzi mama mkwe amepiga simu kuuliza ubatizo utakuwa lini. Wapi, hakuuliza.