Kitenzi Kinapomtangulia Mtendaji

Wengi katika idara yetu hujifunza upinduzi wa maneno wa Kiingereza kama pambo la insha. Tunakariri orodha: "never", "seldom", "hardly", "not only", "under no circumstances". Neno la namna hiyo likiwekwa mwanzoni mwa sentensi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya kiima; kama kisaidizi hakipo, tunaazima "do". Mtihani unapita na orodha inasahaulika. Mimi orodha hiyo ilinifuata mpaka kazini, Masisi na Walikale, na huko haikuwa pambo.

Kwa muda nilifasiri ushuhuda wa wananchi kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza kwa shirika ambalo sitalitaja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini Kiingereza, wakati serikali yetu inaandika Kifaransa na katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba. Jibu ni kwamba taarifa haziishii hapa. Walinda amani kutoka India, waliokaa Kivu Kaskazini miaka mingi, walitumia Kiingereza, na ofisi nyingi zinazosoma taarifa ziko mbali na Goma. Kwa hiyo mzee wa Nyabiondo au wa Pinga, ambaye nyumbani anasema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda, anatoa ushuhuda kwa Kiswahili, na maneno yake yanafika mwisho wa safari katika lugha ambayo pengine hajawahi kuulizwa kitu kwayo.

Sentensi iliyonifanya nirudi kwenye vitabu vya sarufi ilikuwa hii: "Mu kijiji muliingiaka batu ba bunduki." Kwa Kiswahili sanifu tungeandika: Kijijini mliingia watu wenye bunduki. Mahali pametangulia, kitenzi kimefuata, watu wamewekwa mwisho. Niliandika: "Into the village came men with guns." Msimamizi wangu, ambaye Kiswahili hakukijua, alikata kwa kalamu na kuandika: "The armed men entered the village." Aliniambia taarifa si mashairi.

Tazameni kile kineno "the". Kwa Kiingereza, "the armed men" ni watu ambao msomaji anadhaniwa kuwajua tayari. Katika eneo lenye APCLS, Nyatura, FDLR, NDC na wengineo, msomaji atawatafuta hao watu katika aya iliyotangulia, na aya iliyotangulia ilitaja kundi moja kwa jina. Mzee hakutaja kundi lolote. Nilirudi kumuuliza kama aliwatambua. Akaniambia: "Mutoto yangu, kama nilikuwa nabajua, ningeanza na majina yabo."

Sijapata mwalimu aliyenieleza jambo hili kwa ufupi zaidi. Kinachojulikana hutangulia, kigeni huja nyuma. Ni kweli kwamba "Armed men entered the village" ingetosha kuondoa shutuma isiyokuwepo, na sitadai kuwa upinduzi ndio pekee ungemwokoa mtu. Lakini mzee alianza na kijiji chake kwa sababu ndicho alichokijua.

Hapa Kiingereza na Kiswahili vinakaribiana kuliko tunavyofundishwa, ila vinaachana katika upatanisho. "On the hill stands a church", "on the hill stand two churches": kitenzi kinaendelea kulitii kanisa ingawa limesukumwa mwisho. Kwetu kitenzi kinalitii lile la mbele: mlimani pamesimama kanisa, mlimani pamesimama makanisa mawili. Mahali pamechukua kiti cha kiima. Kinyarwanda kinakwenda mbali zaidi. Alexandre Kimenyi, katika sarufi yake ya 1980, alionyesha kuwa yambwa inaweza kukaa mbele na kitenzi kipatane nayo, kana kwamba tungesema "kitabu kimesoma mtoto", na kila msikilizaji aelewe kuwa aliyesoma ni mtoto. Kwa Kihunde tunayo sarufi ya Kahombo Mateene ya 1992; ndiye huyo huyo Mnyanga aliyeshirikiana na Daniel Biebuyck kuchapisha utendi wa Mwindo mwaka 1969. Nashangaa kwamba tunamaliza shahada ya Kiingereza bila kuifungua hata mara moja.

Kuna jozi moja ya sentensi ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila chumba cha wafasiri. "In no time the soldiers were there": askari walifika mara moja. "At no time were the soldiers there": askari hawakuwepo hata dakika moja. Maneno ni karibu yale yale. Katika ya pili ukanushi unatawala sentensi nzima, na kitenzi kupita mbele ya askari ndicho kinachomwonyesha msomaji hivyo. Katika ya kwanza "no" imefungwa ndani ya msemo wake na haigusi kitu kingine. Sasa fikirini Luvungi na vijiji jirani, Walikale, kuanzia Julai 30 hadi Agosti 2, 2010, ambapo Umoja wa Mataifa uliandika kuwa watu wasiopungua 387 walibakwa. Swali lililoulizwa baadaye ni walinda amani walijua lini na walifika lini. Swali la namna hiyo likijibiwa kwa Kiswahili na kuandikwa kwa Kiingereza, mfasiri anabeba mzigo wa viambishi viwili vitatu.

Kuhusu urasmi, nina maoni mawili yasiyopatana sana. Barua za kuomba kazi zinazoandikwa Goma zimejaa "should you require" na "not only am I", na nyingi zinanukia dawa ya viatu. Wanafunzi wenzangu, tupunguze. Nadhani Kifaransa kinatusukuma, kwa sababu tumezoea kuandika "sans doute faut-il" tukitaka kuonekana tumesoma. Lakini mama mmoja aliposimama mbele ya baraza, akajifunga kitenge vizuri na kusema "Hata siku moja hatuyaonaka mambo kama haya", hakuwa anazungumza kama mtu aliye sokoni. Alichagua kuanza na "hata siku moja". "We have never seen such things" ni sahihi, na imemvua kitenge. "Never have we seen such things" inamwacha kama alivyosimama.

Msimamizi aliikata hiyo pia, kisha tukabishana karibu saa nzima, jenereta ikizimika mara mbili. Ya mama ilibaki kama nilivyoiandika. Ya mzee ilipita bila "the", kijiji kikiwa mwisho.