Swali Nililomuuliza Mkuu wa Kituo

Nimeishi Karungu, ufuoni mwa ziwa katika kaunti ya Migori, maisha yangu yote. Mimi hununua omena, yaani dagaa, kwa wavuvi wa Sori, nikawaanika na kuwauza. Kwa miaka mingi niliamini kama majirani zangu kwamba mkubwa wa polisi huletwa na huondolewa, na mwananchi hana neno. OCS mpya, yaani mkuu wa kituo cha polisi, alipofika, tuliambiana sokoni. Jina lake tulilijua siku ya shida.

Shida yangu ilikuja injini ya mashua ya ndugu yangu ilipoibwa usiku. Tulipiga ripoti katika kituo fulani, tukaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio, kisha tukaambiwa tulete pesa za mafuta ya gari ili askari waende kuchunguza. Injini ilikuwa imepotelea majini, na gari haliogelei. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni lakini nikasema, "Asante, afande," tukaondoka. Ndugu yangu alirudia kasia, akawa anavua karibu na matete, ambako samaki ni wa kubahatisha.

Mwaka 2024 ndio ulionifungua kinywa. Tarehe 12 Julai, baada ya wiki za maandamano ya vijana na mauaji yaliyowaliza wengi, Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Japhet Koome, alijiuzulu. Rais akampendekeza Douglas Kanja, nasi tukasikia kwamba mwananchi mwenye pingamizi aliandikie Bunge. Nilimwendea mwalimu mmoja wa kanisani kwetu nikamuuliza kama maneno hayo yanamhusu hata muuza omena. Akanisomea Katiba, kifungu cha 245: Rais huteua kwa idhini ya Bunge, na mteule hutumikia miaka minne, mara moja tu. Halafu akanisomea sheria ya uteuzi wa maafisa wa umma ya mwaka 2011, inayomruhusu mtu yeyote kupeleka ushahidi kabla mteule hajahojiwa.

Mtu yeyote. Maneno hayo sikuyasahau.

Ila mlango wenyewe ni mwembamba. Ushahidi huo sharti uwe wa maandishi na wa kiapo. Kwangu mimi hiyo ni safari ya kwenda Migori mjini kumtafuta wa kuniapisha, nauli, ada, na siku nzima omena wangu wakiwa juani bila mwangalizi. Tena sheria inapokea ushahidi wa kumpinga mteule. Haikuniwekea nafasi ya kueleza ni kiongozi wa namna gani tunayemhitaji. Mwalimu aliniambia mlango huu uliwahi kuwa mpana kidogo: David Kimaiyo, Inspekta Jenerali wa kwanza chini ya Katiba mpya, alipatikana mwaka 2012 baada ya Tume ya Huduma ya Polisi kuwahoji waombaji, na majina yakatoka kwa tume kwenda kwa Rais. Mwishoni mwa 2014 Bunge lilibadilisha sheria na kuiondoa tume katika hatua hiyo. Naona tulipoteza kitu kikubwa, na huku ziwani hakuna aliyetuambia.

Kiapo sikukipeleka. Lakini sisi wanawake wa omena tulianza kuongea jambo ambalo hatukuwa tumewahi kuliongea: polisi gani anatufaa? Mmoja alisema awe mtu anayelijua ziwa, ajue kwamba omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, na kwamba wezi wa injini wanaijua kalenda hiyo kuliko yeye. Mwingine alitaka mtu wa kuyaelewa machimbo ya dhahabu ya Macalder, na vurugu za pesa zinazotoka huko. Mama mmoja, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, akataja jaboya, mvuvi anayedai mwili wa mwanamke kabla ya kumpa samaki. Akasema anataka kituo chenye askari wa kike mezani, atakayeliandika jambo hilo bila kucheka. Tulinyamaza kwa muda. Kisha kila mmoja akawa na lake la kuongeza.

Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay, akasafirishwa hadi Nairobi, na tarehe 8 akafa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Kwanza tuliambiwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliompasua wakakanusha, na Inspekta Jenerali Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa hiyo. Huku kwetu watu walilia kama waliofiwa na mtoto wao. Nililia na kukasirika. Hapo nikajua sitakaa tena kimya mbele ya afande yeyote mpya.

Baraza la chifu lilipoitishwa ili tumpokee mkuu mpya wa kituo, niliinua mkono. Chifu alisema, "Mama, kwa kifupi." Nikasimama. "Afande, karibu kwetu. Hatukuulizwa kabla hujaletwa, na hakuna sheria iliyomlazimu mtu kutuuliza. Basi tunakuuliza wewe: usiku wa giza injini ikiibwa, nani wako atashuka ufuoni, na atapanda chombo gani?"

Mzee mmoja nyuma yangu aliguna. Afande hakukasirika. Alisema boti hawezi kuahidi. Alitoa nambari yake ya simu hadharani, na akakubali kuketi na kamati ya BMU, yaani ya usimamizi wa ufuo, kila mwezi kabla ya siku za giza kuanza. Kikao cha kwanza alikuja. Cha pili alimtuma msaidizi, nasi tukamwambia msaidizi kwamba tulimtaka yeye.

Sasa tuna barua kwa kaunti. Sheria ya polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 41, inataka kila kaunti iwe na Mamlaka ya Usalama ya Kaunti, chini ya gavana au mtu aliyeteuliwa naye, na ndani yake wawemo wanawake, vijana, wafanyabiashara, watu wa dini na watu wenye ulemavu. Kazi yake mojawapo ni kuwashirikisha wananchi katika mambo ya polisi. Tunaiomba kaunti ya Migori iketi na sisi huku Karungu kila OCS anapokaribia kubadilishwa, itusikilize kwa Dholuo, lugha yetu, kwa mdomo, bila kiapo, na ipeleke maoni yetu kwa wanaofanya uhamisho. Wanawake wameanza kutia sahihi, na wasioandika wanaweka dole gumba.