Mtaimbo na Ukuta wa Mabati: Usemi wa Tamaa katika Nyimbo za Mtaani

Msikilizaji wa Mukuru kwa Njenga hana uhuru ambao nadharia nyingi za uhakiki humdhania msomaji. Vyumba vya mabati vimeshikana ukuta kwa ukuta, na redio ikifunguliwa katika kimoja, ploti nzima husikia. Mama anayefua nguo mlangoni, mtoto anayefanya kazi ya shule, kijana aliyelala mchana baada ya zamu ya usiku katika viwanda vya Industrial Area: wote huwa hadhira ya wimbo ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuchagua. Swali la tamaa katika muziki linapaswa kuulizwa mahali kama hapa, wala si katika chumba cha semina pekee.

Aghalabu wahakiki, na wazazi pia, huuliza kama wimbo una matusi. Swali hilo ni finyu. Tamaa ya mwili si ngeni katika sanaa ya Kiswahili. Taarab imeizungumza kwa miongo mingi kupitia matunda, maua na vyombo, mtu mzima akatabasamu na mtoto akasikia habari za embe tu. Fumbo lilifanya kazi ambayo ukuta wa mabati hauwezi kuifanya.

Tuchukue “Malaika”, uliorekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambao utunzi wake umebishaniwa hadi leo. Nafsineni anatamani kuoa lakini hana mali. Tamaa yake inamrudia mwenyewe kama unyonge, na anamwambia mpenziwe hivyo waziwazi. Kijana wa Mukuru anayelipwa kwa kutwa hahitaji mwalimu wa kumfafanulia wimbo huo. La msingi kwetu ni kwamba nafsinenewa yupo: anaitwa, anaelezwa, anaachiwa nafasi ya kujibu.

Muziki wa genge, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa akina Nonini na Jua Cali wa Calif Records, ulileta Sheng na ucheshi wa Eastlands. Baadaye ikaja gengetone. Mwaka 2018 kundi la Ethic kutoka Umoja lilitoa “Lamba Lolo”. Waliokereka hawakutambua kwamba pipi inayorambwa ni fumbo la jadi kabisa, dada mdogo wa lile embe la taarab. Vijana hao hawakuvunja mapokeo kama ilivyodhaniwa.

“Tarimbo”, wimbo wao wa mwaka 2019, ni jambo jingine. Ulishutumiwa kwamba unashabikia ubakaji, na kundi likaomba radhi. Jina lenyewe lafaa kuchunguzwa. Mtaimbo, au mtalimbo kama wengine wasemavyo, ni nondo nzito ya kuchimbia na kubomolea mawe, chombo ambacho mwanamume wa mjengo hukishika kutwa nzima kwa ujira mdogo. Istiari hiyo basi imetoka katika kazi halisi, na kwa kigezo cha uhalisia mtu angeweza hata kuisifu. Lakini jiwe halina sauti. Pale tamaa inapovaa sura ya mtaimbo, mwanamke anageuzwa kitu cha kubomolewa, na nafsinenewa wa “Malaika” anatoweka. Mfanyakazi aliyevunjwa mgongo na chombo anakigeuza dhidi ya jirani yake. Jirani huyo yuko upande wa pili wa bati, na anasikia kila neno.

Udhaifu wa wimbo huu, kwa hiyo, hauko katika uwazi wake. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba mambo mazito zaidi. Katika kisa cha Kijiti alisimulia mwanamke aliyeuawa na mwanamume aliyemchukua matembezini. Hakuficha kitendo, wala hakumfanya marehemu kuwa kifaa cha mzaha. Muuaji alitoroka Unguja. Wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu ndio waliofungwa. Siti aliwataja katika wimbo, naye Kijiti akamtaja kwa jina lake.