Nimeolewa na Mtu wa Kompyuta

Wanaume wana magonjwa yao. Yupo mwenye ugonjwa wa mpira, ambaye timu yake ikifungwa Jumamosi nyumba nzima inakula kimya kimya. Yupo mwenye ugonjwa wa magari, akisikia muungurumo barabarani anakutajia injini kabla hajageuza shingo. Na yupo wa kwangu, mwenye ugonjwa wa kompyuta. Huyu hamalizi pesa baa, harudi usiku wa manane na hana nyumba ndogo. Ila mkalishe na wenzake wenye ugonjwa huo huo, chai iwepo mezani, utasahau kama una mume.

Kwa miaka mingi walikuwa watatu. Mume wangu, shemeji mmoja fundi kompyuta mwenye kibanda chake Kariakoo, na shemeji mwingine aliyekuwa akitengeneza tovuti za watu. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walijaa kwenye kibaraza chetu cha Tabata, na mada zilikuwa tatu tu, kama mafiga: podikasti, vifaa, na hostingi. Mimi nilikuwa nakaa nao. Wenzangu wengine huingia ndani kuangalia tamthilia, lakini mimi napenda kusikiliza mtu akizungumzia kitu anachokipenda, hata kama ni waya.

Kwa taarifa yako, hilo neno podikasti lilizaliwa gazetini. Februari 2004 Mwingereza Ben Hammersley aliandika katika The Guardian kuhusu vipindi vya sauti vilivyokuwa vikichipuka kwenye intaneti, akajaribu majina kadhaa, na hilo ndilo lililoshika. Mbinu yenyewe ilitangulia jina: mwishoni mwa mwaka 2000 Mmarekani Dave Winer alishaweka kwenye RSS, ule mlisho wa habari za tovuti, nafasi ya kuambatanisha faili la sauti. Mwaka 2004 Adam Curry, aliyewahi kuwa mtangazaji wa MTV, akaanza kipindi chake, na Juni 2005 Apple ikaingiza podikasti ndani ya iTunes. Ile iPod iliyochangia jina iliacha kutengenezwa mwaka 2022, podikasti zikaendelea.

Shemeji wa tovuti alikuwa na usemi wake kuhusu jambo hili. “Redio ikishapita imepita, shemeji. Podikasti inashuka kwako, inakaa.” Alimaanisha kwamba msikilizaji aliyejiunga na kipindi anaweza kupata faili zima ndani ya simu yake. Naomba uliweke akilini hilo, tutalirudia.

Na wao walikuwa na podikasti yao, ya Kiswahili, ya kufundisha watu kutengeneza kompyuta wenyewe. Studio ilikuwa chumba changu cha kulala. Ndiyo, hujasoma vibaya. Sauti ikigonga ukuta mtupu inarudi na mwangwi, lakini godoro, mapazia mazito na kabati lililojaa nguo vinaumeza. Basi kitanda changu kikakaliwa na wanaume watatu na stendi ya maikrofoni, mama mkwe asijue.

Hapo ndipo mabishano ya vifaa yalipokuwa yanapamba moto. Fundi wa Kariakoo alitaka maiki ya kondensa kwa sababu inasikia kila kitu. Shemeji wa tovuti akamjibu, “Ndiyo tatizo lake, inasikia kila kitu.” Uswahilini kwetu kuna bodaboda, kuna mnada wa nguo, kuna jogoo wa jirani asiyejua saa. Maiki ya dainamiki, kama ile SM58 ya Shure iliyoingia sokoni mwaka 1966 na ambayo hadi leo utaikuta kwenye majukwaa, inapokea zaidi sauti iliyo karibu na mdomo na kuyapunguza makelele ya mbali. Alishinda yeye. Akashinda pia kwenye ukubwa wa faili. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kwa kila dakika. Ukiishusha hadi 64, kipindi cha dakika 40 kinatoka megabaiti 38 hadi 19, na kwa maneno matupu yasiyo na muziki sikio halilalamiki. “Msikilizaji wetu ananunua bando,” alisema. “Tusimlie bando lake.”

Mada ya tatu, hostingi, ndiyo iliyokuwa ikiwapeleka hadi magharibi. Nitakueleza kama walivyonieleza mimi. Jina la tovuti, wenyewe wanaita domeini, ni kama namba ya kiwanja: unalilipia, mara nyingi kila mwaka, na usipolilipia linaondoka mikononi mwako. Hostingi ni chumba unachopanga kwenye kompyuta ya kampuni, yaani seva, ambamo unaweka picha zako, maandishi yako na barua pepe zako. Unaweza kununua kiwanja kwa mtu mmoja na kupanga chumba kwa mwingine. Shemeji alifanya hivyo makusudi, ili akikosana na mmoja asipoteze vyote.

Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud kiliungua kule Strasbourg, Ufaransa, jengo moja likateketea na seva zake, na wateja wasiokuwa na nakala mahali pengine wakapoteza kazi zao moja kwa moja. Siku ile nilisikia kelele kibarazani nikadhani ni mpira. Walikuwa wakiulizana: yako iko wapi? Nakala unayo? Mara ya mwisho kunakili lini? Mmoja akasema anahama kampuni, mwingine akataja bei, wa tatu akataja tarehe. Yote kwa mdomo. Hakuna aliyeandika hata mstari.

Mwaka 2022 shemeji wa tovuti aliugua siku tisa, akafariki. Alikuwa na miaka 38, ana mke na mtoto mmoja wa kiume.

Mkewe, ambaye kwangu ni kama mdogo wangu, anaoka keki za harusi. Oda zake nyingi zilipitia kwenye tovuti aliyotengenezewa na mumewe, na mawasiliano na wateja yalikuwa kwenye barua pepe ya tovuti hiyo hiyo. Yeye oveni, mumewe tovuti. Ndiyo mgawanyo wa kazi tunaohimizwa wanandoa kila siku, na kwa miaka sita ulikwenda vizuri kabisa.

Wakati wa msiba, hakuna aliyefikiria seva. Hostingi ilikuwa ikilipwa kila mwezi kwa kadi ya marehemu, na benki ilipopewa taarifa ya kifo ikasimamisha akaunti, kama inavyotakiwa. Tarehe ya kulipia domeini nayo ikapita watu wakiwa kwenye matanga. Siku chache kabla ya arobaini, mteja mmoja alipiga simu: “Dada, mbona mmefunga biashara?” Tovuti haikuwepo.

Jaribu kuingia sasa. Kampuni inasema, tumekutumia kiungo cha kubadili nywila kwenye barua pepe yako. Barua pepe gani? Ile iliyokuwa ndani ya tovuti iliyozimwa. Ufunguo wa kabati umefungiwa ndani ya kabati. Njia ya pili ni namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya marehemu, na simu inafunguka kwa kidole chake. Laptopu yake? Fundi wa Kariakoo aliifungua skrubu kwa skrubu, akakuta diski imefungwa kwa namna ambayo bila nywila haisomeki hata ukiing'oa. Mtu mzima alikaa chini akalia. Yeye ndiye aliyemsifia marehemu siku alipoifunga hivyo.

Ndipo zile soga za Jumapili zilipofanya kazi yake. Mume wangu, fundi na mimi tulikaa na daftari, tukaanza kukumbuka. Kampuni ya domeini haikuwa siri, kwani kuna rejista ya wazi iitwayo WHOIS inayoonyesha jina limesajiliwa kwa nani. Lakini chumba alipanga wapi? “Alihama mwaka ule wa moto wa Ufaransa,” fundi akasema. “Alikwenda kwa wale aliowasifia bei,” mume wangu akaongeza. Mimi nikakumbuka akaunti alizifungulia barua pepe gani ya zamani, maana siku moja walimcheka kwa jina alilolitumia. Kipande kwa kipande, tukapata ramani nzima. Marehemu hakuacha wosia wa tovuti, lakini alikuwa ameusimulia, chai mkononi, kwa watu waliokuwa wakimsikiliza.

Muda ulikuwa mdogo. Jina linaloishia na .com likipitwa na tarehe, kampuni inaweza kumpa mwenyewe hadi siku 45 alilipie kawaida. Baada ya hapo kuna siku 30 za kulikomboa kwa ada ya ziada. Kisha siku tano, na mtu yeyote duniani anaweza kulichukua. Sisi tulifika ndani ya zile 30, zikiwa zimebaki sita. Kampuni ilikubali kupokea pesa kwanza, na umiliki ukahamishwa baadaye, barua ya usimamizi wa mirathi ilipotoka Mahakama ya Mwanzo.

Jina likapona. Vilivyokuwa chumbani havikupona: kampuni ya hostingi ilikuwa imeshafuta kila kitu kwa kutolipwa. Picha za keki za miaka sita, na barua zote za wateja. Maharusi wawili walikuja wakisema walishalipa nusu. Hakuna risiti, hakuna barua. Mdogo wangu aliwaangalia usoni, akawaamini, akaoka.

Na ile podikasti? Ilipangwa kwingine, na huko nako ikafutwa. Vipindi 61. Hapo ndipo nikuombe ukumbuke usemi wa marehemu: inashuka kwako, inakaa. Mume wangu aliandika kwenye kundi la WhatsApp la wasikilizaji. Muuguzi mmoja wa Mwanza akajibu kwamba anavyo karibu vyote, hafutagi. Dereva mmoja Mtanzania aliyeko Muscat akatuma vingine. Tumepata 57. Mtoto wa marehemu anapenda zaidi kile ambacho jogoo wa jirani aliwika katikati ya maelezo ya feni ya kompyuta, baba yake akashindwa kujizuia kucheka. Walibishana wakikate kile kipande au wakiache. Waliacha.

Baada ya hayo nilimkabili mume wangu. “Mume wangu, Mungu apishie mbali, ukiondoka wewe nani anafungua?” Akanitazama. “Mke wangu, unataka paswedi zangu?” Niliijua hofu iliyokuwa nyuma ya swali lile. Kwa wanandoa wengi wa kizazi chetu, paswedi ni kesi. Anayeombwa anahisi anashukiwa, anayeomba anaonekana mpelelezi. Nikamwambia, “Sitaki kusoma meseji zako. Nataka kujua kiwanja chetu kinalipiwa wapi.” Kujua hati ya nyumba iko wapi ni jambo moja, na kupekua mifuko ya suruali ni jambo lingine.

Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akaja na kaunta buku. Ameandika kila domeini na tarehe yake ya kulipia, kila hostingi na kadi inayoilipia, barua pepe ya kurudishia nywila, na namba ya simu inayopokea namba za siri. Nywila zenyewe ziko kwenye bahasha iliyofungwa kwa gundi, ndani ya kisanduku chenye vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mimi pia nimeandika ukurasa wangu: kikoba, ada za shule, akaunti ya biashara yangu. Haki ni pande mbili. Na nakala za kazi zetu ni tatu, katika vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba, kwa dada yangu Morogoro.

Kampuni kubwa nazo zimeweka njia. Tangu 2013 Google inakuruhusu kumteua mtu wa kupewa data zako akaunti ikikaa kimya kwa muda uliouchagua. Apple iliweka utaratibu kama huo Desemba 2021. Na ujue kwamba tangu Desemba 2023 Google ilianza kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Picha za mpendwa wako hazikungojei milele.

Basi mpenzi msomaji, kama wa kwako ana ugonjwa huu, vuta kiti ukae nao mara moja moja. Huhitaji kujua kondensa wala dainamiki. Kisha, mkiwa wawili, muulize mambo matatu: nini kinalipiwa kwa jina lako, kinalipiwa lini, na nakala iko wapi. Muulize kwa upole, na muulize angali mzima.